Mihuri ya wakati katika udhibiti wa matoleo

Muhuri wa wakati wa faili ni rekodi ya tarehe na saa ambayo kompyuta huiambatanisha na kila faili ili kuonyesha lini faili hilo lilibadilishwa au lilifunguliwa mara ya mwisho. Mfumo wa udhibiti wa matoleo ni programu inayotunza historia ya mafaili ya mradi: nani alibadilisha nini, lini na kwa sababu gani. Mifumo inayojulikana zaidi ni Git, Subversion, Mercurial na CVS.

Watu wengi wanaoanza kutumia mifumo hiyo hutarajia kwamba faili likichukuliwa kutoka katika hazina ya mradi litakuja na tarehe yake ya zamani, kama picha inavyobaki na tarehe yake ndani ya albamu. Mara nyingi haiwi hivyo. Git, ambayo ndiyo inayotumika zaidi leo, haihifadhi kabisa muhuri wa wakati wa faili mojamoja. Hilo halikutokana na usahaulifu, bali lina sababu inayohusu jinsi programu zinavyojengwa.

## Muhuri wa wakati unavyofanya kazi

Katika mifumo ya uendeshaji ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, kila faili lina angalau mihuri mitatu. Wa kwanza huonyesha wakati maudhui ya faili yalipobadilishwa. Wa pili huonyesha wakati taarifa zake zilipobadilishwa, kwa mfano jina la mmiliki au ruhusa za kulisoma. Wa tatu huonyesha wakati lilipofunguliwa kusomwa. Makala hii inahusu hasa muhuri wa kwanza, kwa kuwa ndio unaotazamwa na zana za kujenga programu.

Kompyuta haiandiki tarehe kama binadamu anavyoiandika. Huhesabu sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, usiku wa manane kwa saa ya kimataifa. Kwa majira ya Afrika Mashariki, ambayo yametangulia saa hiyo kwa saa 3, hesabu hiyo ilianza saa tisa usiku. Kwa mfano, sekunde ya 1700000000 ilikuwa tarehe 14 Novemba 2023, 22:13:20 kwa saa ya kimataifa. Songea, Nairobi na Kampala wakati huohuo ilikuwa tayari tarehe 15 Novemba, saa saba na dakika 13 usiku. Hivyo namba moja ya sekunde inaweza kuwa na tarehe mbili kulingana na mahali msomaji alipo.

Aina ya hifadhi nayo ina athari. Flashi nyingi hutumia mpangilio wa FAT, ambao huandika saa ya mahali badala ya saa ya kimataifa, tena kwa hatua za sekunde 2. Mpangilio wa NTFS wa Windows na ule wa ext4 wa Linux huandika saa ya kimataifa na hugawa sekunde katika vipande vidogo sana. Kwa hiyo faili likihamishwa kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine, muhuri wake unaweza kubadilika hata kama hakuna herufi iliyoguswa.

## Kwa nini muhuri ni muhimu kwa wanaprogramu

Programu nyingi huandikwa kwanza kwa lugha inayosomeka na binadamu, yaani msimbo chanzo, kisha hutafsiriwa na kompaila kuwa faili linaloweza kuendeshwa na kompyuta. Mradi mkubwa unaweza kuwa na maelfu ya mafaili ya chanzo, na kuyatafsiri yote upya kila mara huchukua muda mrefu.

Mwaka 1976 Stuart Feldman wa maabara ya Bell nchini Marekani alitunga zana iitwayo make. Kanuni yake ni nyepesi: kama faili la chanzo ni jipya kuliko faili lililotafsiriwa, litafsiriwe tena, kama ni la zamani kuliko hilo, liachwe. Ili kujua lipi ni jipya, make hulinganisha mihuri ya wakati. Zana nyingi zilizokuja baadaye zimefuata kanuni hiyohiyo au inayofanana nayo.

Hapo ndipo mfumo wa udhibiti wa matoleo unapokutana na tatizo. Tuchukue mfano wa wanafunzi wawili katika kata ya Msamala, Manispaa ya Songea, wanaoandika programu ya kupanga madaraja ya mtihani wa kidato cha nne kwa kujumlisha alama za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi.

* Jumatatu wanaandika faili la hesabu na kulihifadhi katika hazina.
* Jumatano saa nne asubuhi mmoja wao anajaribu njia nyingine ya kujumlisha, anaitafsiri na kuijaribu. Faili lililotafsiriwa linapata muhuri wa Jumatano saa nne.
* Saa tano anaona njia hiyo ina kasoro, hivyo anaiambia zana imrudishie toleo la Jumatatu.

Kama zana ingerudisha faili pamoja na muhuri wake wa Jumatatu, make ingeona kwamba chanzo ni cha Jumatatu na faili lililotafsiriwa ni la Jumatano. Ingehitimisha kuwa hakuna kazi ya kufanya. Mwanafunzi angesoma msimbo sahihi kwenye skrini, lakini programu ingeendelea kutumia njia yenye kasoro. Orodha ya madaraja ingetoka na makosa, na aliyeangalia msimbo asingeona kosa lolote.

Zana ikilipa faili lililorudishwa muhuri wa sasa, yaani Jumatano saa tano, make huona kwamba chanzo ni kipya na hulitafsiri upya. Hii ndiyo sababu kuu inayoifanya Git isirudishe tarehe za zamani. Hasara ya njia hii ni kutafsiri kitu ambacho pengine hakikuhitaji kutafsiriwa. Hasara ya njia ile nyingine ni kuendesha programu isiyolingana na msimbo wake. Watunzi wa zana wamechagua hasara ndogo.

## Historia ya zana

SCCS ilitungwa na Marc Rochkind mwaka 1972 katika maabara ya Bell, na inahesabiwa miongoni mwa zana za kwanza za aina hii. RCS ya Walter Tichy ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zote mbili zilishughulika na faili mojamoja. Katika RCS mtumiaji anaweza kuomba faili lipewe tarehe ya toleo lake, lakini ni lazima aombe.

CVS ilianzishwa na Dick Grune mwaka 1986. Mtumiaji anapochukua mradi kwa mara ya kwanza, CVS huyapa mafaili tarehe ya matoleo yake. Anapoleta mabadiliko mapya juu ya mradi alio nao tayari, mafaili yaliyobadilika hupewa saa ya sasa ili make iyaone. CVS pia huandika muhuri wa kila faili katika orodha yake ndogo, na baadaye huutumia kutambua mafaili ambayo mtumiaji ameyahariri.

Subversion ilianzishwa mwaka 2000 na kampuni ya CollabNet ili kuchukua nafasi ya CVS. Kwa kawaida hulipa kila faili linaloletwa saa ya sasa. Anayetaka tarehe ya hifadhi ya mwisho anaweza kuwasha mpangilio uitwao use-commit-times katika faili la mipangilio. Tarehe ya kila toleo huwekwa na saa ya seva, wala si ya kompyuta ya mtumiaji.

Git na Mercurial zilianza zote Aprili 2005, pale jumuiya ya Linux ilipohitaji zana mpya. Git ilitungwa na Linus Torvalds na Mercurial na mwanaprogramu wa Marekani anayeitwa leo Olivia Mackall. Katika zana hizi kila mshiriki ana historia nzima ya mradi kwenye kompyuta yake, kwa hiyo hakuna seva moja ya kuamua saa.

## Git inahifadhi nini

Git huhifadhi mradi katika vitu vya aina chache. Maudhui ya faili huhifadhiwa peke yake, bila jina wala tarehe. Folda huhifadhiwa kama orodha yenye jina la kila faili, alama ya kama linaweza kuendeshwa, na namba ndefu inayotambulisha maudhui yake. Katika orodha hiyo hakuna nafasi ya muhuri wa wakati. Mafaili mawili yenye maudhui yaleyale huhesabiwa kuwa kitu kimoja, hata kama moja liliandikwa mwaka huu na lingine miaka kumi iliyopita.

Wakati huandikwa mahali pengine, katika rekodi ya hifadhi ambayo wanaprogramu huiita komiti. Kila komiti ina tarehe mbili. Moja ni ya mwandishi wa badiliko, nyingine ni ya aliyeliingiza katika hazina. Kwa kawaida huwa sawa, lakini hutofautiana pale badiliko lilipoandikwa na mtu mmoja na kupokelewa siku nyingine na msimamizi wa mradi, au linapopangwa upya katika historia.

Hata hivyo Git hutumia mihuri ya mafaili kwa kazi moja ya ndani. Katika faili lake la faharasa huandika muhuri na ukubwa wa kila faili la mradi kama vilivyokuwa mara ya mwisho ilipolitazama. Mtumiaji anapouliza ni mafaili gani yamebadilika, Git hulinganisha kwanza taarifa hizo. Kama hazijabadilika, haina haja ya kusoma maudhui. Hii ndiyo inayoiwezesha kujibu haraka hata katika mradi wenye mafaili mengi.

Njia hiyo ina mwanya mmoja. Faili likibadilishwa katika sekunde ileile ambayo faharasa imeandikwa, na ukubwa wake ukabaki uleule, mihuri pekee haiwezi kuonyesha badiliko. Git huziba mwanya huo kwa tahadhari: faili ambalo muhuri wake ni sawa na wa faharasa au umeupita hushukiwa, na maudhui yake husomwa upya. Mercurial nayo hutunza orodha ya namna hiyo na haihifadhi mihuri ya mafaili katika historia yake.

## Majira ya maeneo na saa za Kiswahili

Komiti ya Git huandika sekunde pamoja na tofauti ya saa ya mahali na saa ya kimataifa. Kompyuta iliyopangwa sawasawa Tanzania, Kenya au Uganda huandika +0300. Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, huandika +0200, kama ilivyo Rwanda na Burundi. Muscat huandika +0400. Nchi hizo hazisogezi saa mbele au nyuma kwa misimu, kwa hiyo namba hiyo haibadiliki mwaka mzima. Indianapolis, Marekani, huandika -0500 wakati wa baridi na -0400 wakati wa kiangazi.

Zana hizi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea kuhesabu kuanzia mapambazuko anapaswa kubadilisha: 07:00 ni saa moja asubuhi, 14:05 ni saa nane na dakika 5 mchana, na 00:30 ni saa sita na nusu usiku. Kosa la kawaida la anayeanza ni kurekebisha saa ya kompyuta ili isomeke kwa Kiswahili, kwa mfano kuandika 1:00 inapokuwa saa moja asubuhi. Komiti zote za kompyuta hiyo huchelewa kwa saa 6, na zikichanganywa na za wenzake, jibu linaweza kuonekana limeandikwa kabla ya swali.

## Mfano: OpenMRS

OpenMRS ni programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mradi wake ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis na washirika wake, na mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, Kenya, katika mpango wa AMPATH unaohusisha Chuo Kikuu cha Moi. Baadaye ulienea katika nchi nyingine, ikiwemo Rwanda na Uganda. Msimbo wake ulitunzwa kwanza kwa Subversion, kisha ukahamishiwa Git.

Mradi wa namna hii unaonyesha kwa nini tofauti ya majira huandikwa. Komiti iliyofanywa Eldoret saa nne asubuhi mwezi Julai hubeba 10:00 +0300. Sekunde hiyohiyo Indianapolis ni 03:00 -0400, saa tisa usiku. Kama tarehe ingeandikwa bila tofauti hiyo, isingejulikana ipi ilitangulia kati ya komiti ya 10:00 ya Kenya na ya 09:00 ya Marekani. Kwa hesabu ya sekunde, ile ya Kenya imetangulia kwa saa 6.

OpenMRS imeandikwa kwa lugha ya Java na hujengwa kwa zana iitwayo Maven, ambayo nayo hutazama mihuri ili kujua mafaili ya kutafsiri. Katika programu ya hospitali, faili la zamani lililobaki bila kutafsiriwa upya linaweza kuwa lile linalokokotoa kipimo cha dawa. Kwa sababu hiyo timu nyingi za programu hufuta kwanza mafaili yote yaliyotafsiriwa na kujenga kila kitu upya kabla ya kutoa toleo kwa watumiaji.

## Matatizo ya kawaida

Saa ya kompyuta iliyopotea. Betri ndogo ya saa ikiisha, kompyuta iliyozimwa inaweza kurudi kwenye tarehe ya miaka mingi nyuma. Komiti zake hubeba tarehe hiyo. Kinyume chake, mafaili yakiwa na tarehe ya mbele, make hutoa onyo kwamba saa hazilingani. Dawa ni kubadilisha betri na kuiruhusu kompyuta ipate saa kutoka katika intaneti.

Mafaili yanayozalishwa na mafaili mengine. Mradi unaponakiliwa kutoka hazina, mafaili yote hupata karibu saa moja. Kama hazina ina faili lililozalishwa na lingine, haijulikani lipi litaandikwa kwanza. Zana ya kujenga inaweza kudhani faili limepitwa na wakati na kujaribu kulizalisha tena, pengine bila kuwa na vifaa vinavyohitajika. Kwa hiyo hushauriwa mafaili yanayozalishwa yasiwekwe katika hazina.

Kuhama kutoka tawi moja hadi jingine. Git huandika upya tu mafaili yanayotofautiana kati ya matawi mawili. Mtu akihama na kurudi, mafaili hayo huwa na saa mpya ingawa maudhui ni yaleyale, na hutafsiriwa tena. Tangu toleo la 2.5 la mwaka 2015, Git inaruhusu kila tawi kuwa na folda yake, hivyo kazi hiyo hupungua.

## Njia za kupata tarehe za zamani

Anayetaka kujua faili lilibadilishwa lini aulize historia ya mradi badala ya kutazama muhuri wa faili. Amri ya `git log` ikifuatwa na jina la faili huonyesha komiti zote zilizoligusa na tarehe zake.

Kama ni lazima mafaili yenyewe yawe na tarehe za zamani, kwa mfano katika tovuti inayoonyesha siku ukurasa ulipohaririwa, zipo programu ndogo kama git-restore-mtime zinazosoma historia na kulipa kila faili tarehe ya komiti yake ya mwisho. Amri ya `git archive`, inayotengeneza kifurushi cha mradi, huyapa mafaili yote tarehe ya komiti iliyochaguliwa. Fossil na Perforce pia zina chaguo la kurudisha tarehe.

Wapo pia wanaotaka programu ikijengwa na watu wawili mahali tofauti itoke sawa herufi kwa herufi, ili ithibitike kuwa haikuchezewa. Tarehe ya kujenga huharibu ulinganifu huo. Mradi wa Reproducible Builds umeweka utaratibu wa SOURCE_DATE_EPOCH, ambao huzitaka zana zitumie tarehe moja iliyotajwa, mara nyingi ile ya komiti ya mwisho, badala ya saa ya ukutani.

## Muhuri wa wakati kama ushahidi

Tarehe za komiti hutumiwa wakati mwingine kuamua nani aliandika kwanza, kwa mfano pale wanafunzi wawili wanapowasilisha kazi zinazofanana. Zinahitaji kutumiwa kwa uangalifu. Katika Git tarehe hutoka katika kompyuta ya mwandishi, na mwandishi anaweza kuiweka apendavyo. Saini ya kidijitali huthibitisha nani ametia saini. Tarehe bado hubaki kuwa kauli yake mwenyewe.

Mwaka 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopenyezwa katika programu ya XZ Utils inayotumika kwenye Linux. Wachunguzi walitazama komiti za mhusika aliyetumia jina la Jia Tan. Nyingi zilikuwa na +0800, lakini chache zilikuwa na +0200 na +0300. Mchanganyiko huo uliwafanya wengi washuku kwamba majira yalipangwa kwa makusudi, na mihuri peke yake haikuweza kuonyesha mtu huyo alikuwa nchi gani.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo Git hulilinda vizuri. Namba inayotambulisha komiti hukokotolewa pamoja na tarehe zake na namba ya komiti iliyotangulia. Tarehe ya zamani ikibadilishwa, namba yake hubadilika, na za komiti zote zilizofuata hubadilika pia. Mtu mwingine mwenye nakala ya mradi ataona tofauti mara moja. Kwa hiyo ushahidi wenye nguvu hutokana na nakala zilizo mikononi mwa watu mbalimbali na rekodi za seva zilizopokea kazi. Mwanafunzi anayetaka kulinda kazi yake hufanya vyema kuituma kwenye seva kila siku anapoihariri, badala ya kuikusanya yote hadi siku ya mwisho.

## Tazama pia

* Programu huria
* Mfumo wa uendeshaji
* Majira ya Afrika Mashariki
* Linux